Plastiki nayo ni pembejeo, iandikwe lebo

MKULIMA wa Magindu anapokwenda Mlandizi kununua mfuko wa mbolea, anajua anachonunua. Juu ya mfuko imeandikwa ni kiasi gani cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu kilichomo, uzito wake na jina la mtengenezaji. Akichukua chupa ya kiuatilifu ataona jina la sumu, kipimo cha kuchanganya na maji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Akidanganywa, walau ana pa kuanzia kulalamika.

Lakini akigeukia upande wa pili wa duka hilo hilo, kuchukua roli la bomba jeusi la kumwagilia, turubai la kuanikia ufuta, mifuko ya salfeti ya kuhifadhia mahindi au nailoni ya kufunikia kitalu, mara nyingi hakuna kinachomweleza lolote. Anaminya, anavuta, anauliza bei, anaondoka. Baada ya masika mbili bomba limepasuka mstari mrefu kama limechanjwa kwa wembe, turubai limekuwa vumbi mkononi, na pesa imekwenda. Jirani yake aliyenunua bomba linalofanana na hilo kwa rangi na unene bado analitumia.

Tofauti ya mabomba hayo mawili haionekani kwa macho. Iko katika viambato, yaani vitu vidogo vidogo vinavyochanganywa na plastiki kiwandani kabla haijapewa umbo. Ndivyo vinavyoamua plastiki itaishi miaka mingapi juani, kama inafaa kubebea maji ya kunywa, na kama ni salama kuwekea maziwa ya mtoto. Ndivyo pia ambavyo mnunuzi mdogo wa vijijini haambiwi habari zake. Hali hiyo inamtia hasara mkulima, inamponza mfanyabiashara mdogo, na wakati umefika ibadilike.

Mchele mmoja, mapishi tofauti

Watu wa Pwani wanajua kwamba wali mweupe na pilau hutoka kwenye mchele mmoja. Tofauti ni viungo. Plastiki nayo iko hivyo. Malighafi yake kuu ni punje zinazotokana na mafuta ya petroli au gesi asilia. Tanzania haitengenezi punje hizo. Viwanda vya ndani huziagiza kutoka nje, kisha huziyeyusha kwa joto linalofika nyuzi 200 hivi na kuzipa umbo la ndoo, bomba, dumu au mfuko.

Punje tupu, bila kiambato chochote, hazifai kwa kazi nyingi. Historia ya plastiki yenyewe inathibitisha hilo. Katika karne ya 19, Mmarekani John Wesley Hyatt alipotaka kutengeneza kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu, alifanikiwa baada ya kuchanganya malighafi yake na kafuri, ile ile inayojulikana majumbani. Kafuri ndiyo iliyoilainisha ikakubali kufinyangwa. Mwaka 1926 Mmarekani mwingine, Waldo Semon, alichukua PVC, ambayo wakati huo ilionekana kuwa ngumu na isiyo na kazi, akaichanganya na vilainishi ikawa inanyumbulika kama mpira. Leo PVC ni miongoni mwa plastiki zinazotumika zaidi duniani.

Viambato ni vya aina nyingi, lakini vinaweza kuwekwa katika makundi machache. Vipo vinavyozuia plastiki isiungue inapoyeyushwa kiwandani na isizeeke haraka baadaye. Vipo vinavyoikinga na jua. Vipo vilainishi, vinavyoifanya iwe laini. Vipo vya rangi. Vipo vinavyozuia isishike moto upesi, kama katika maboksi ya televisheni na redio. Na vipo vijazio, hasa unga wa mawe ya chokaa, ambavyo huongeza uzito na kupunguza gharama.

Hakuna kosa katika kutumia viambato, wala hata vijazio. Unga wa chokaa ukiwekwa kwa kipimo huongeza ugumu wa kiti au beseni. Kosa huanza pale kiambato kinachotakiwa kinapoachwa ili kubana gharama, pale kijazio kinapozidishwa ili uzito upatikane kwa bei ya chini, au pale kiambato chenye sumu kinapoingizwa katika chombo cha chakula.

Jua halimwonei mtu haya

Magindu iko kwenye reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Iko kusini kidogo ya nyuzi sita na nusu kutoka Ikweta. Maana yake ni kwamba jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Ukanda huu hupokea nguvu ya jua kwa mwaka inayokaribia mara mbili ya ile inayopokelewa kaskazini mwa Ulaya. Kwa hiyo nailoni iliyopimwa kule na kuandikwa kwamba itadumu miaka minne, huku haiwezi kuahidiwa muda huo huo.

Kinachoharibu plastiki ni ile miale mikali ya jua isiyoonekana, inayoitwa urujuanimno. Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu sana. Miale hiyo, ikisaidiana na hewa, huikata minyororo hiyo kidogo kidogo. Kwanza rangi hupauka, halafu uso huota nyufa ndogo, mwisho kitu kizima hukatika kwa kuguswa.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote ni masizi. Masizi safi ya kiwandani, yaliyosagwa laini na kusambazwa sawasawa, hunyonya miale hiyo kabla haijapenya ndani. Ndiyo sababu mabomba ya maji ya polithini na matangi mengi ni meusi. Kipimo kinachokubalika kwa mabomba ni kilo mbili hadi mbili na nusu za masizi katika kila kilo 100 za plastiki. Hicho ndicho kinachotenganisha bomba la miaka mingi na bomba la misimu miwili: kilo mbili na nusu katika mia moja, tena zikiwa zimechanganywa vizuri. Bomba linaweza kuwa jeusi kwa macho huku masizi yake ni pungufu, au yamejikusanya madonge upande mmoja na kuacha upande mwingine bila kinga.

Kwa vitu ambavyo havitakiwi kuwa vyeusi, kama nailoni ya kitalu nyumba, mifuko ya salfeti na maturubai, hutumika vidhibiti vya jua vya aina nyingine. Kiasi chake ni kidogo zaidi, aghalabu chini ya kilo moja katika kilo 100, lakini bei yake kwa kilo ni kubwa. Hapo ndipo kishawishi cha kuviacha kinapoingia. Mfuko wa salfeti hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki inayochoka juani upesi kuliko polithini. Usipowekewa kidhibiti, ukiachwa nje kwa miezi michache hupoteza nguvu, na gunia la mahindi hupasukia mgongoni mwa mpagazi.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wengi wa vitalu nyumba hawaambiwi. Vidhibiti vingi vya jua vinavyowekwa kwenye nailoni hizo huharibiwa na salfa, na pia na viuatilifu vyenye klorini. Salfa si kitu kigeni katika Mkoa wa Pwani. Wakulima wa korosho wa Kisarawe na kwingineko huipuliza dhidi ya ubwiriunga. Anayepuliza salfa ndani ya kitalu cha nyanya, au mwenye kitalu kilicho jirani na mikorosho, anafupisha maisha ya nailoni yake bila kujua. Muuzaji wa nailoni angetakiwa kumwambia hilo siku ya kuiuza, si baada ya kitalu kubaki mifupa.

Viambato vinavyogeuka sumu

Bomba lililopasuka ni hasara ya mfukoni. Viambato vingine huleta hasara ya mwilini.

PVC, inayotumika sana kwa mabomba ya majumbani, haivumilii joto la kiwandani bila kidhibiti. Kwa miaka mingi kidhibiti kilichopendwa kilikuwa cha madini ya risasi, kwa kuwa ni rahisi na kinafanya kazi vizuri. Lakini risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Viwanda vya PVC vya Umoja wa Ulaya viliacha kutumia vidhibiti vya risasi ilipofika mwisho wa mwaka 2015, vikahamia vile vya kalisi na zinki. India nayo ilitunga kanuni za kuviondoa katika mabomba ya PVC mwaka 2021. Teknolojia mbadala ipo basi, na inatumika. Bomba la PVC linalouzwa kijijini halipaswi kubaki nyuma ya hapo, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kidhibiti kilichotumika si cha risasi.

Vilainishi navyo vina kisa chake. Kundi linalojulikana zaidi ni thaleti, zinazowekwa kwenye PVC laini kama mipira ya maji na baadhi ya vitambaa vya meza. Hazikufungwa kwa nguvu ndani ya plastiki, hivyo huweza kutoka polepole, hasa zikikutana na joto au mafuta. Baadhi ya thaleti huvuruga homoni, na Ulaya imezidhibiti katika vitu vya kuchezea watoto tangu mwaka 1999. Kwa hiyo mpira laini uliotengenezwa kwa kazi ya bustani haufai kupitishia maziwa, samli wala mafuta ya nazi. Maziwa yana mafuta, na mafuta huvuta vilainishi.

Kuna pia vizuia moto. Vinafaa katika boksi la redio, lakini redio ikifa na boksi lake kusagwa pamoja na plastiki nyingine nyeusi, vizuia moto hivyo husafiri kwenda katika bidhaa mpya. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, za Afrika zikiwamo, umevikuta katika vitu vya watoto vya kuchezea na vyombo vya jikoni vilivyotengenezwa kwa plastiki nyeusi iliyorejelezwa.

Dunia haijalala katika hili. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm unaozuia kemikali zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Iliuridhia mwaka 2004. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiingiza katika orodha ya kuondolewa kemikali iitwayo UV-328, ambayo ni kidhibiti cha jua cha plastiki, pamoja na kizuia moto kimoja. Mwaka 2025 ziliongeza aina ya parafini zenye klorini inayotumika kulainisha PVC. Kikao hicho hicho kiliiorodhesha klopairifosi, kiuatilifu ambacho wakulima wengi wanakifahamu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilitaja kemikali zaidi ya 13,000 zinazohusiana na plastiki, na kati ya hizo zaidi ya 3,200 zina sifa za kutia wasiwasi.

Mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki, yaliyotokana na azimio lililopitishwa Nairobi Machi 2022, yalikwama Busan mwaka 2024 na yakakwama tena Geneva Agosti 2025. Kemikali zinazowekwa katika plastiki zilikuwa moja ya mambo yaliyozigawa nchi. Hilo halimaanishi nchi moja moja isubiri. Mkulima wa Magindu hawezi kuahirisha masika hadi wakubwa wapatane.

Dumu la maziwa

Ukanda wa Magindu una wafugaji, na maziwa mengi ya vijijini husafiri kwenda sokoni ndani ya madumu yaliyokwisha kutumika. Hapa inafaa mambo yatenganishwe. Dumu la polithini lililotoka kubeba mafuta ya kula si sumu kwa sababu tu ni plastiki. Lina ubaya mwingine: shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kulisugua, na michubuko ya ndani huficha vijidudu. Ndiyo maana wataalamu wa maziwa huhimiza makopo ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu.

Dumu lililobeba rangi, dawa ya mifugo, kiuatilifu au kemikali ya kiwandani ni hadithi nyingine kabisa. Plastiki hunywa. Kilichowekwa humo huingia katika ukuta wa dumu, na maji ya moto na sabuni havikitoi chote. Maziwa yakiwekwa humo, yale mafuta yake hukivuta taratibu. Mfugaji anayeuza maziwa hayo hakukusudia kumdhuru mtu. Hakuna aliyemwambia dumu lilikotoka. Muuzaji wa madumu matupu ndiye mwenye taarifa hiyo, na ndiye wa kuulizwa.

Hesabu ya bei rahisi

Wapo watakaosema mkulima maskini hana uwezo wa kununua plastiki bora, hivyo aachwe anunue anachokimudu. Hoja hiyo inaonekana ya huruma, lakini hesabu inaikataa. Chukua mfano wa kubuni. Roli moja la bomba linauzwa Sh120,000 na linadumu miaka miwili. Jingine linauzwa Sh200,000 na linadumu miaka 10. La kwanza linamgharimu mkulima Sh60,000 kwa mwaka, la pili Sh20,000. Anayenunua rahisi analipa mara tatu. Na hapo haijahesabiwa mboga iliyokauka siku bomba lilipopasuka katikati ya kiangazi, wala kibarua wa kulifukua na kulizika jingine.

Mkulima si mjinga wa hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba akisimama dukani haoni lipi ni la miaka miwili na lipi ni la miaka 10. Kwa kuwa haoni, hukataa kulipa bei ya juu kwa ahadi ya mdomo, na ana haki ya kukataa. Matokeo yake mtengenezaji mwaminifu, aliyeweka masizi kamili na kidhibiti cha jua, anashindwa kuuza. Aliyebana anauza. Mwaka unaofuata yule mwaminifu naye hubana, au hufunga kiwanda. Soko ambalo mnunuzi hana taarifa huwafukuza wauzaji wazuri kwanza.

Mfanyabiashara mdogo naye hubaki njia panda. Mwenye duka kijijini hununua kwa jumla bila kuambiwa chochote, huuza bila kuambia, na mteja akirudi na bomba lililopasuka ni yeye anayetukanwa. Jina lake kijijini ndiyo mtaji wake. Lebo ingemlinda yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Vyombo vya sheria vipo

Si kwamba nchi haina sheria. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina mizizi katika sheria ya mwaka 1975 na linafanya kazi sasa chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya iliyokuwa TFDA. Tume ya Ushindani ipo kwa sheria ya mwaka 2003 na ina kazi ya kumlinda mlaji. Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia kemikali za viwandani kwa sheria nyingine ya mwaka 2003. NEMC ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Kinachokosekana ni vyombo hivyo kuitazama plastiki ya shambani kama pembejeo.

Uwezo wa kuchukua hatua umekwisha kuonekana. Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na aliyekutwa nayo alikabiliwa na faini kuanzia Sh30,000. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Wengi hawakuamini kwamba gulio la kijijini lingeweza kuendeshwa bila mifuko ya rambo, lakini liliendeshwa. Kanuni za mwaka 2019 ziliacha nje vifungashio vya baadhi ya sekta, kilimo kikiwa kimojawapo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu mahindi hayawezi kuhifadhiwa hewani. Lakini msamaha huo unakuja na wajibu: plastiki iliyoruhusiwa kubaki shambani lazima iwe ile inayodumu, si inayogeuka vipande vya kupeperushwa na upepo na kuishia tumboni mwa ng'ombe.

Katika hilo, ahadi za plastiki "inayooza yenyewe" zitazamwe kwa jicho kali. Ipo aina inayowekewa chumvi za metali ili ikatike haraka juani. Haiozi kama jani la mgomba. Inasagika kuwa vipande vidogo visivyoonekana na kubaki kwenye udongo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku sokoni kuanzia Julai 2021.

Lebo inayotakiwa si ngumu. Iseme aina ya plastiki, unene, tarehe ya kutengenezwa, jina la mtengenezaji au mwagizaji, kama imewekewa kinga ya jua na kwa muda gani katika jua la nchi hii, na kama inafaa au haifai kwa chakula na maji ya kunywa. Iwe kwa Kiswahili. Mabomba ya polithini yanayofuata viwango tayari hupigwa chapa ubavuni: kipenyo, shinikizo linalostahimiliwa, namba ya kiwango na tarehe, pamoja na michirizi ya bluu kwa maji ya kunywa. Kilichowezekana kwa bomba la mradi wa maji kinawezekana kwa bomba la mkulima wa mchicha.

Viwanda vinaweza kudai kwamba mchanganyiko wao ni siri ya biashara. Siri hiyo ibaki. Mnunuzi haombi kupewa mapishi. Anataka kujua chakula kitakaa siku ngapi na kama kitamdhuru. Wanaorejeleza plastiki chakavu wanaweza kuhofia kwamba lebo itawaua. Haitawaua waliosema kweli. Plastiki iliyorejelezwa ni nzuri kwa kazi nyingi, mradi iwekewe vidhibiti vipya badala ya vile vilivyokwisha, na isiwekwe katika vyombo vya chakula pale asili yake isipojulikana. Wajasiriamali wadogo wanaotaka alama ya ubora wana njia ya kupitia SIDO, na njia hiyo ipanuliwe.

Jambo moja la tahadhari. Ukaguzi usianzie kwenye meza ya machinga au kibanda cha kijijini. Ukianzia hapo, mdogo atanyang'anywa mali na mkubwa ataendelea kuzalisha. Mzigo mwingi huingia kwa makontena bandarini, na sasa pia kupitia Bandari Kavu ya Kwala, jirani na Magindu, iliyozinduliwa Julai 2025. Mwingine hutoka kwenye malango ya viwanda vinavyozidi kuongezeka Kibaha na Mkuranga. Huko ndiko sampuli zichukuliwe. Maabara ikipima masizi ya roli moja langoni, imewakinga wakulima wengi ambao hawatafika maabara maishani mwao.

Lebo haijaja, masika yanakuja

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo ya kufanya. Muuzaji aulizwe kwa maandishi: limewekewa kinga ya jua, na kwa miaka mingapi? Jibu liandikwe kwenye risiti. Asiyetaka kuandika amekwisha kujibu.

Kipande kidogo cha bomba jeusi linalosemwa ni la polithini kitupwe kwenye ndoo ya maji. Polithini huelea. Kikizama, ama si polithini au kimejazwa chokaa kupita kiasi. Kuelea peke yake si ushahidi kwamba kinga ya jua ipo, lakini kuzama ni sababu ya kurudisha bidhaa. Bomba la PVC lenyewe huzama siku zote, hivyo jaribio hili si lake.

Chini ya dumu au ndoo itazamwe namba iliyo ndani ya pembetatu: 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC. Namba hiyo hueleza aina ya plastiki tu, haielezi viambato. Alama ya glasi na uma ndiyo inayomaanisha chombo kimekusudiwa chakula. Dumu lisilojulikana lilikotoka lisiwekewe maziwa, maji ya kunywa wala pombe. Bomba lizikwe ardhini pale inapowezekana, turubai na salfeti vikunjwe na kuwekwa kivulini baada ya kazi, na PVC isichomwe moto, kwa kuwa moshi wake hutoa tindikali na sumu za dayoksini.

Wanunuzi wakiungana, sauti yao husikika zaidi. Chama cha msingi cha ushirika au kikundi cha umwagiliaji kikiagiza maroli 50 kwa pamoja kinaweza kudai cheti cha kiwanda na dhamana ya maandishi. Mkulima mmoja anayenunua mita 20 hawezi.

Mbolea ilipata lebo kwa sababu mkulima alidhulumiwa, na Serikali ikaona mavuno ya nchi yanaanzia ndani ya mfuko. Maji yanayofika kwenye mche wa nyanya hupita ndani ya plastiki. Mahindi ya akiba ya mwaka mzima hulala ndani ya plastiki. Maziwa ya mfugaji hufika sokoni ndani ya plastiki. TBS, Wizara ya Kilimo na viwanda wakae meza moja waipe plastiki ya shambani lebo yake, na waanze na bomba jeusi, kwa sababu ndilo linaloumiza wengi na ndilo rahisi kulipima.